"Haliimbiki": Uziwi wa Wahakiki Wetu na Historia ya Muziki wa Magharibi Baada ya 1945

Yapo maneno ambayo mhakiki wa ushairi wa Kiswahili huyatamka kwa wepesi wa mtu atemaye kokwa la zambarau: "Shairi hili haliimbiki." Ni hukumu isiyokatiwa rufani. Tangu mgogoro wa ushairi ulipopamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo wamelitumia neno hilo kama rungu. Wanamabadiliko nao wamelikwepa rungu kwa kudai kwamba si lazima shairi liimbwe. Kwa maoni yetu, kambi zote mbili zimejikwaa kwenye kisiki kimoja: hakuna iliyojishughulisha kuuliza kuimba ni nini, na kumekuwa nini tangu katikati ya karne ya ishirini.

Kilichotuchokoza kuandika ni kisa kidogo. Mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Chechelesi mjini Isiolo kama alivyo mwandishi wa makala haya, alileta mbele ya kamati ya idara moja pendekezo la kuchunguza jinsi maneno ya Kiswahili yalivyotungiwa muziki tangu 1950, akiyalinganisha na historia ya muziki wa sanaa wa Magharibi ya kipindi hicho hicho. Akajibiwa kwamba hiyo si fasihi, na kwamba muziki wa Wazungu si wetu. Mjumbe mmoja aliongeza, huku akicheka, kuwa mtoto wa Isiolo angefanya vyema kutafiti nyimbo za ngamia. Nilikuwemo chumbani. Nilinyamaza, na makala haya ni malipo ya ukimya ule.

Mtu aliyekulia Chechelesi amesikia adhana, kwaya ya kanisa na redio ya jirani kabla hajajua kusoma. Amezungumza Kiswahili na Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru na Msamburu bila ya kuuliza ni cha nani. Akifuatana na wajomba zake malishoni amewaona Waborana wakinywesha mifugo: wanaume wamepangana kutoka chini ya kisima hadi juu, ndoo zinapita mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaopima kazi. Mtu huyo anajua tayari kwamba wimbo mmoja huweza kujengwa na wengi ambao hakuna hata mmoja wao aliye nao mzima. Kumwambia kuwa muziki fulani "si wako" ni kumfunza ujinga ambao hakuja nao chuoni.

Tuitazame basi hiyo historia inayodaiwa kuwa si yetu. Jinsi ifundishwavyo mara nyingi, ni mti wenye shina moja. Mwaka 1946 kozi za kiangazi zinaanzishwa Darmstadt, Ujerumani, na vijana kama Boulez na Stockhausen wanapata jukwaa. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer anatunga mjini Paris vipande vyake vya kwanza kwa sauti za garimoshi na vyombo vya jikoni. Mwaka 1952 John Cage anatoa kazi ambayo mpiga piano hapigi noti hata moja. Wengine wote ni matawi, na Afrika, ikitajwa, ni udongo.

Lakini mwaka 1944, miaka minne kabla ya Schaeffer, Halim El-Dabh alikuwa amekwisha kuazima mjini Cairo mashine ya kunasia sauti kwenye waya, akarekodi wanawake katika sherehe ya zaar, ambayo ni jamaa ya ngoma za pepo tuzijuazo katika pwani yetu, kisha akaichezea sauti ile kwa mwangwi hadi ikawa kitu kingine. Baadaye alihamia Marekani, na katika studio ya elektroniki ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton akatunga kazi iliyojengwa juu ya kisa cha Laila na Majnuni. El-Dabh alifariki mwaka 2017, na vitabu vingi vya kufundishia bado vinaanza hesabu mwaka 1948. Tena Schaeffer huyo huyo ndiye aliyepewa, katikati ya miaka ya 1950, kazi ya kuunda shirika la redio la makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Baba wa muziki wa kanda alikuwa pia mjenzi wa redio ya kikoloni. Ni mwanafunzi wa Kiafrika ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuziuliza kazi hizo mbili zilihusianaje.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Uganda, nao unastahili kuelezwa polepole. Marimba ya Kiganda iitwayo amadinda ina vibao kumi na viwili. Wachezaji wawili huketi wakitazamana. Omunazi huanza, na omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenziwe, sawasawa kama meno ya zipu. Omukoonezi, wa tatu, hurudia kwenye vibao viwili vya juu kile kinachotokea kwenye vibao viwili vya chini. Msikilizaji husikia miondoko ambayo hakuna mchezaji hata mmoja anayeipiga. Joseph Kyagambiddwa aliueleza muziki huo katika kitabu kilichochapishwa New York mwaka 1955. Mwaka 1960 Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefunzwa Kampala na Evaristo Muyinda, alichapisha uchambuzi wake, na dhana ya miondoko hiyo isiyopigwa na mtu ikapata jina katika taaluma. Mwaka 1982 György Ligeti alisikia rekodi za Simha Arom za tarumbeta za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kazi za Kubik nazo alizijua. Mwaka 1985 ukatoka mkusanyo wa kwanza wa vipande vyake vya mazoezi ya piano, ambavyo leo vinahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za piano za nusu ya pili ya karne ile.

Sasa tukumbuke kilichotukia Mengo baina ya tarehe hizo. Mwaka 1966 jeshi la Obote, chini ya Amin, liliishambulia ikulu ya Kabaka. Ngoma na marimba za ikulu ziliharibiwa na wapigaji wake wakatawanyika. Hivyo, katika miaka ile ile ambayo mantiki ya amadinda ilikuwa ikisafiri kuelekea Ulaya kwa karatasi, nyumba yake ilikuwa imevunjwa kwa mizinga. Anayesema historia ya Ligeti "si yetu" anaacha sura nzima ya historia ya Buganda mikononi mwa watu wengine, nao wataiandika kama tanbihi.

Hata hivyo tusiruke kutoka moto tukaangukia jivu la moto. Kuna wenzetu ambao, wakisikia habari hizi, hujibu kwa kifua mbele: "Haya yote tulikuwa nayo zamani." Hiyo ni kauli ya uvivu. Wapiga amadinda hawakutunga vipande vya piano vya Ligeti, wala wanyweshaji mifugo wa Kiborana hawakuwa wakimtangulia Steve Reich, ambaye alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma na kutunga Drumming mwaka uliofuata. Wao walikuwa wakifanya jambo lao, kwa sababu zao. Ligeti hakunakili, alichukua kanuni akaitia katika vidole kumi vya mikono ya mpiga piano mmoja, yaani mtu mmoja akalazimishwa kuwa kikundi. Badiliko hilo ndilo la kuchunguzwa, na haliwezi kuchunguzwa na asiyejua pande zote mbili. Justinian Tamusuza alizijua. Kazi yake ya kwarteti ya nyuzi, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Ni wangapi miongoni mwa wahadhiri wetu wa fasihi wanaolitambua jina lake, ilhali Makerere si mbali?

Turudi kwenye neno letu. Mwaka 1954 Amri Abedi alitufungia ushairi na uimbaji katika fundo moja, na tangu hapo tumeamini kuwa kuimbika ni sifa ya maneno yenyewe: penye urari wa vina na mizani pana wimbo, pasipo na urari hapana. Mwaka uliofuata, 1955, Le marteau sans maître ya Boulez iliimbwa kwa mara ya kwanza. Maneno yake ni mashairi ya René Char, yasiyo na vina wala mizani ya kuhesabika. Iwapo mfano huo ni wa mbali mno, uko mmoja ambao kila msomaji Mkenya anaujua kwa moyo. Wimbo wa Taifa wa Kenya uliandaliwa mwaka 1963 na jopo la wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, ukapangwa kwa mwafaka wa sauti wa Kizungu na kutiwa maneno ya Kiswahili. Na aketi mwanamapokeo ahesabu mizani za ubeti wa kwanza. Atakuta mishororo ya nane, na mwingine wa kumi. Kwa kipimo chake, wimbo huo hauimbiki. Taifa zima limeuimba kwa zaidi ya miaka sitini, likiwamo gwaride la asubuhi la watoto wa Chechelesi ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu.

Kinachotokea pale ni kwamba sauti hubeba kile ambacho mizani haikubeba: silabi huvutwa, nyingine hubanwa, na mkazo wa neno wakati mwingine hukubaliana na pigo na wakati mwingine huburuzwa nalo. Ni swali la kifasihi tupu. Uchambuzi wa namna hiyo ni adimu mno katika majarida yetu, kwa kuwa mhakiki hasomi nuta na mwanamuziki haulizwi kuhusu silabi. Idara hizi mbili aghalabu ziko katika jengo moja na hazisalimiani.

Tunapendekeza basi mambo yanayotekelezeka muhula ujao: somo la pamoja la uzamili baina ya fasihi na muziki; kila anayeandika tasnifu ya ushairi awasilishe rekodi za mashairi yake yakiimbwa, si maandishi pekee; na neno "haliimbiki" lisikubaliwe katika tasnifu pasipo kuelezwa ni nani aliyejaribu kuliimba shairi hilo, na kwa namna gani. Pendekezo la mwanafunzi yule lingali mikononi mwa kamati. Ameomba kurekodi darasa moja la shule ya msingi Isiolo likiimba Wimbo wa Taifa, apime silabi moja moja.