Mzigo wa Taifa Usiwe wa Bega Moja

Njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, ilisimama juu ya mabega ya wapagazi. Wanyamwezi waliobeba pembe na majora ya nguo hawakuwa wavivu. Sifa yao ilifika pwani. Lakini mpagazi huyo huyo, aliponyimwa posho au alipotwishwa mzigo uliozidi wa wenzake, aliutua chini, na msafara ukakwama. Matusi ya tajiri hayakuufikisha mzigo Ujiji.

Katika njia hiyo watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliopita. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia, tena wa wazi. Leo neno hilo maana yake ni rushwa. Lugha yetu yenyewe yatuonya kwamba umbali kati ya ushuru na dhuluma si mkubwa.

Tuyakumbuke hayo tunapozungumzia manung'uniko ya wananchi. Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, fedha zilikusudiwa barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya. Hakuna mzalendo anayepinga madarasa. Kilichoumiza ni kwamba mwalimu aliyekwisha katwa kodi katika mshahara alitozwa tena alipomtumia mama yake fedha ya dawa huko Urambo. Mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Septemba 2022, baada ya tozo kuingia hadi benki, Serikali ikatangaza kuifuta baadhi na kupunguza nyingine. Nani aliyeleta nafuu hiyo? Ni walionung'unika, wala si waliopiga makofi.

Vivyo hivyo, Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na wengi wakashangilia. Ilipofika Julai, watumishi wengi waligundua kwamba kiwango hicho kilihusu kima cha chini tu. Mtumishi hakasirishwi na uchache wa fedha peke yake. Hukasirishwa na kutoelezwa ukweli mapema.

Wapo vibaraka wa kusifu wanaodai kwamba kulalamika ni kukosa uzalendo. Hao ndio wanaokihujumu Chama, kwa sababu wanakiziba masikio. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora, aliwafukuza. Lakini hakuishia hapo. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa ilizidi kipimo, akapunguza wa kwake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Haki haikulegezwa na kikao chochote.

Kwa hiyo tuseme wazi. Nchi maskini haina budi kubana matumizi, na kodi haina budi kulipwa. Lakini mkanda ufungwe kuanzia juu: katika magari ya anasa, safari zisizo na tija, na posho za vikao visivyokwisha. Ndugu mwalimu, ndugu mtumishi, lipa kodi yako, kisha uliza imekwenda wapi. Kiongozi wa msafara alitembea mbele, kwa miguu, katika vumbi lile lile. Kwa sababu hiyo wapagazi walimfuata.