Kibao Kisichotaka Kusomwa

Mtu anayetaka kugeuza ghala lake kuwa kitu kingine hana budi kuwaambia jirani zake. Ndivyo sheria yetu ya Kenya inavyosema, na katika hilo sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoambiwa. Nalisema mapema ili msomaji ajue nisimamapo: tangazo la kubadili matumizi ya kiwanja, kama linavyotolewa siku hizi, hutolewa ili lisisomwe.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inamtaka mwenye kiwanja aombe ruhusa kwa serikali ya kaunti kabla ya kubadili matumizi yake, na autangazie umma anachokusudia ili mwenye pingamizi alilete. Anayeanza kazi bila ruhusa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa mwenye ghala kubwa fedha hizo si za kumkosesha usingizi, lakini tuliache hilo.

Wala sisemi kwamba kila mwenye ghala ni mwovu. Hapa pwani tunajua jinsi maghala yalivyokauka. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza kwamba mizigo ya bara ipakiwe katika reli mpya moja kwa moja kutoka bandarini, yadi za makontena na maghala ya Mombasa yalipungukiwa kazi, mahamali wakabaki vibarazani, watu wakaandamana. Agizo lile liliondolewa Septemba 2022, Rais Ruto alipoapishwa, lakini mteja akishazoea mlango mwingine si rahisi kumrudisha. Sasa mtu mwenye paa kubwa la mabati, na juu ya paa hilo mkopo wa benki, atafanya nini? Ataligeuza liwe duka kubwa, au ukumbi wa harusi, au kanisa, au karakana. Ana haki ya kuomba. Likigeuzwa chuo cha ufundi, mimi nitakuwa wa kwanza kumpeleka mjukuu wangu.

Basi tazama anavyoomba. Nyuma ya nyumba zetu kuna ghala lililokuwa likihifadhi majani ya chai. Juzi mwenyewe ameomba kulibadili liwe mahali pa “viwanda vidogo”. Kibao kimewekwa, nimekiona kwa macho yangu. Kimefungwa kwa waya ndani ya seng'enge, upande wa yadi ya malori ambako hapiti mtu ila madereva na mataniboi wao. Herufi zake ni ndogo kama za dawa ya chupa. Kimeandikwa Kiingereza, tena si Kiingereza cha magazeti, bali kile cha mawakili, chenye namba ya kiwanja mahali pa jina la mtaa. Kinatoa siku 14.

Lakini langoni pa ghala hilo hilo kuna maandishi mengine mawili, makubwa, kwa rangi nyekundu: HAKUNA KAZI, na chini yake MBWA MKALI. Hayo yameandikwa Kiswahili. Hayakuhitaji mtaalamu wala mfasiri. Mwenye ghala anajua vizuri lugha ya watu wapitao langoni kwake, na anaitumia anapotaka tuelewe. Anapotaka kutufukuza tunasemeshwa kwa lugha yetu. Anapotakiwa kutuuliza, ghafla Kiswahili kinakuwa hakitoshi.

Nimesikia majibu yao. La kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hiyo ni hoja ya mtu asiyetaka kuyatafuta. “Mwenye ghala hili anaomba ruhusa aligeuze liwe kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Ukiwa na neno, lilete ofisi fulani kabla ya tarehe fulani.” Mtoto wa darasa la nne atakisoma kibao hicho na kumweleza bibi yake. La pili ni kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataja lugha rasmi mbili, Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho kinachotajwa kwanza. La tatu, ambalo nililisikia kwa mtu mzima aliyesoma, ni kwamba watu wetu hawasomi vibao hata vikiandikwa Kiswahili. Sijui basi ni nani hao wanaopanga foleni kila kibandikwapo kikaratasi kwamba kampuni fulani inaajiri.

Tena liangalie neno lenyewe, “viwanda vidogo”. Ndani ya neno hilo waweza kuoka mikate, na ndani ya neno hilo hilo waweza kuyeyusha betri kuukuu za magari. Sitii chumvi. Kiwanda cha namna hiyo ya pili kilianza kazi mwaka 2007 kando ya mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kilifungwa mwaka 2014. Kati ya miaka hiyo madini ya risasi yaliingia katika udongo, katika maji, na katika damu ya watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mwenyewe amedhurika, akaanza kupiga kelele. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe tangu moshi wa kwanza hadi hukumu ya mwisho: miaka 17. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa karibu kupewa kitambulisho.

Wako watakaoniambia kwamba hayo ndiyo mambo ya kutofuata sheria, na mimi nalalamikia sheria inayofuatwa. Basi twende Embakasi, Nairobi, ambako ofisi moja ilifanya kazi yake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, yapata saa tano na nusu, lori la gesi lililipuka katika kiwanja walimokuwa wakijazia mitungi. Mtungi uliorushwa na moto uliangukia ghala la nguo na kuliteketeza. Maduka, magari na nyumba zikashika. Watu kadhaa walikufa, zaidi ya 270 walijeruhiwa. Haukupita muda, mamlaka ya kawi ikatangaza kwamba mwaka 2023 iliombwa mara tatu kibali cha kujenga kituo cha gesi mahali pale, Machi, Juni na Julai, na mara zote tatu ilikataa, kwa kuwa makazi ya watu yalikuwa karibu mno. Halmashauri ya mazingira nayo ikawasimamisha kazi maafisa wake wanne kwa ajili ya leseni iliyotolewa isivyostahili.

Zingatia neno “mara tatu”. Kukataa kulikuwapo, kumeandikwa na kuwekwa katika faili. Lakini faili halilali Embakasi. Barua moja ya kukataa, ikigongomewa langoni kwa Kiswahili, ingempa muuza mboga wa pale nguvu ya kumwuliza polisi: lori hili lafanya nini hapa, na ilhali mmeandika hapana? Ndiyo maana sitosheki na tangazo la maombi peke yake. Nataka na jibu litangazwe pale pale, kwa ukubwa ule ule wa MBWA MKALI.

Kuna jambo jingine katika sheria hiyo ya 2019 ambalo wengi hawalijui. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, huhesabiwa kwamba ruhusa imetolewa. Yaani karani akiugua, au faili likipotea, au likipotezwa, ghala limekwisha kuwa kiwanda. Najua sababu yake: walitaka kumwokoa mwombaji na ofisi zinazomzungusha mwaka mzima zikisubiri chai. Ni sababu nzuri. Lakini adhabu ya uvivu wa ofisi amebebeshwa jirani, ambaye hakuomba wala kuombwa. Katika nikaha kimya cha mwanamwali huhesabiwa kuwa ridhaa, lakini hata hapo walii humwendea kwanza akamwuliza, na humwuliza kwa lugha aijuayo.

Na jirani ni nani? Ofisini nilipofika kuuliza, niliulizwa kwanza kama nina hati ya kiwanja. Ninayo. Bi yule auzaye mahamri na mbaazi mbele ya ghala hana, wala wapangaji wa vyumba kumi na viwili vilivyoegemea ukuta wake hawana. Mwenye vyumba hivyo haishi hapa, huja kuchukua kodi. Yeye ndiye atakayeitwa jirani kwenye makaratasi, na moshi utavutwa na wengine. Nilimweleza yule Bi habari za kibao. Akanisikiliza, akafuta mikono, akasema, “Mzee wangu, mimi nilidhani ni bei ya kukodi.”

Pingamizi langu nimeliandika kurasa mbili, kwa Kiswahili, na watu 31 wametia sahihi au dole gumba, wapangaji wengi wao. Hatukusema ghala lisibadilishwe. Tumetaka mambo matatu: kitajwe kiwanda chenyewe ni cha kutengeneza nini, kibao kihamishiwe langoni kwa lugha tuijuayo, na siku 14 zianze kuhesabiwa upya kuanzia hapo. Karani, kijana mwenye adabu, aliigeuza-geuza karatasi akaniuliza kama nimekuja na tafsiri ya Kiingereza. Nikamwomba aipige muhuri kama ilivyo. Akaipiga, na nakala ninayo.