Spika ya Gari Haina Siri

Leo, mimi wa huku Kahororo, Bukoba, nina la kuungama, na naomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma.

Mimi na mke wangu tulipopata gari letu la kwanza, Toyota IST iliyotumika Japani, tulikuta ndani yake mwanamke mwingine. Sikutanii! Kila asubuhi nikizungusha ufunguo tu, sauti nyororo ya kike inaongea Kijapani, kwa adabu zote. Mke wangu akaniuliza, "Mume wangu, huyu dada anakuambia nini kila siku?" Mimi sijui. Tukaishi naye hivyo hivyo, mpaka fundi mmoja pale mjini akatutoa ushamba: ni kifaa cha kulipia barabara za tozo za Japani, kinaitwa ETC, na yule dada alikuwa analalamika kwamba kadi haijawekwa. Kadi yenyewe tutaitoa wapi, na hapa kwetu kifaa hicho hakina kazi?

Redio nayo ilikuwa na yake. Ramani iliyokuja nayo ilikuwa ya Japani tupu, na FM ilianzia 76 ikaishia 90, maana ndiyo masafa yaliyotumika kwao enzi gari hilo linatengenezwa. Sisi huku stesheni nyingi zinapanda mpaka 108. Ukitaka kusikiliza Kasibante FM au stesheni yoyote ile, unaomba Mungu iwe chini ya 90. Wapo wanaofunga kile kidude cha kushusha masafa, kwamba stesheni ya 98 unaikuta kwenye 78. Kinasaidia, lakini mimi nikasema hapana. Mhaya nibabaishe na kidude? Si mnatujua sisi manshomile! Nikaamua kununua redio mpya yenye skrini kubwa, ramani, na uwezo wa kuongea na simu bila kuishika.

Mke wangu akasema, "Laki tatu na nusu kwa ajili ya redio, na bomba la jikoni linavuja?" Nikamjibu kwamba ni kwa ajili ya usalama wetu barabarani. Kumbe nusu ya sababu ilikuwa kuringia wenzangu wa ofisini. Bomba lilivuja mwezi mmoja zaidi.

NILIYOJIFUNZA KWA FUNDI

Kama na wewe unataka kufunga, nisikilize mimi niliyekwisha kulipa ada. Kwanza, pima nafasi ya dashibodi. Redio nyingi za kawaida za ukubwa wa mbili zina upana wa milimita 178 hivi, lakini Toyota nyingi za Japani zimeachiwa nafasi ya milimita 200. Ukinunua bila kupima, unabaki na matundu mawili ya pembeni kama meno yaliyong'oka.

Pili, simamia nyaya. Kwa kawaida waya wa njano unakwenda moja kwa moja kwenye betri ili redio ikumbuke saa na stesheni zako. Mwekundu unapata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni wa ardhi. Fundi wangu wa kwanza aliunganisha wa njano na mwekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio ikawa hailali. Asubuhi ya tatu gari halikuwaka, tukasukuma huku majirani wanachungulia kwenye migomba. Fundi wa pili akarekebisha kwa dakika kumi, na yule dada wa Kijapani akachomolewa siku hiyo hiyo. Mke wangu akapiga makofi.

Tatu, ile antena ndogo ya GPS ikae juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, mahali inapoona anga. Inasikiliza satelaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu, na inahitaji kuzisikia nne ili ijue uko wapi. Ukiificha nyuma ya chuma, itakuambia uko ziwani. Nne, maiki iwekwe juu, karibu na kile kizuia jua cha dereva, mbali na spika na matundu ya kiyoyozi, la sivyo anayekupigia atasikia upepo na mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Tano, satelaiti hazili bando, lakini ramani inakula. Kwa hiyo shusha ramani ya mkoa wako ukiwa nyumbani kwenye mtandao wa uhakika, ifanye kazi hata pale mnara unapopotea. Halafu usiiamini kupita kiasi. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa yetu mingi ina majina na nyumba zina namba, lakini njia ya kwenda kwa shangazi yangu, inayokatiza kibanja kwa kibanja, hakuna satelaiti inayoijua. Pale bado unashusha kioo, unasalimia wazee vizuri, unaelekezwa.

SIKU YENYEWE

Sasa nije kwenye kuungama. Msimu uliopita wa senene tulikuwa tunakwenda Mwanza. Nyumbani tuliaga kwamba tunakwenda kutembea, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa na miadi ya daktari. Tuna miaka minne ya ndoa na hatujapata mtoto. Mke wangu alikwisha kupimwa mara mbili, na mara zote hakuonekana na tatizo. Safari hii daktari alitaka kunipima mimi.

Unanielewa, msomaji? Mimi.

Hilo tulilijua wawili tu. Na kuna jingine nililijua peke yangu: mama yangu, aliyeko kijijini Muleba, kila akinipigia alikuwa ananiuliza kuhusu mjukuu, na siku hizi alikuwa amehama kwenye kuuliza akaingia kwenye kulaumu. Mke wangu si wa huku, ni mtu wa Mbeya. Mama akawa anasema labda ningeoa karibu na nyumbani. Mimi nikawa nafanya nini? Naguna. "Mh, Mama." "Tutaona, Mama." Halafu nazungumzia kahawa na mvua.

Tukaondoka asubuhi, ramani inaongea Kiingereza chake, mke wangu anamenya chungwa. Tulipokaribia Kemondo simu ikaita. Kwenye skrini likatokea neno moja kubwa: MAMA. Nikagusa kitufe cha kijani kwa mazoea tu, kwa kuwa zamani simu ilikuwa inakaa sikioni mwangu na maneno yanaishia hapo hapo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeongea na baba yako mdogo," mama akasema kwa Kihaya, sauti imejaa gari zima, mpaka viti vya nyuma. "Na yeye anasema miaka minne inatosha. Huyo mwanamke hazai. Nilikuambia mwezi uliopita, na wewe mwenyewe ulinyamaza, maana unajua ni kweli."

Mimi siku zote nilidhani mke wangu anajua Kihaya cha salamu na cha sokoni. Chungwa lilisimama mkononi mwake. Akanigeukia, akauliza taratibu, kwa Kiswahili, "Ulinyamaza?"

Nikamtazama. Na hapo, ndugu yangu, ndipo nilipokosea kosa la pili, maana nilipogeuza macho kurudi barabarani, baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi ilikuwa imeshafika puani mwa gari. Nikakwepa kwa kudra za Mungu. Mikono ilikuwa kwenye usukani yote miwili. Simu sikuishika. Macho yangu kabla ya hapo yalikuwa mbele. Lakini akili haikuwemo garini, ilikuwa Muleba.

Baadaye niliposoma ndipo nikaelewa. Mwaka 1997 watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, waliwafuatilia madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Wakakuta kwamba hatari ya kugonga inakuwa kama mara nne zaidi dereva anapoongea na simu, na wale waliokuwa wanaongea bila kuishika hawakuonekana kuwa salama zaidi. Yaani kinachokugongesha zaidi ni mazungumzo yenyewe, mkono ni nyongeza. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, kila sekunde gari linakula karibu mita 17. Hesabu mwenyewe sekunde tatu za kumtazama mkeo aliyeumia ni mita ngapi.

Kwa hiyo nisije nikakudanganya kama nilivyomdanganya mke wangu. Kuongea na simu bila kuishika kunakuepusha na trafiki, na mikono inabaki kwenye usukani. Lakini "nakuja, niko njiani" ndiyo saizi yake. Habari za mkopo, za msiba, za mapenzi na za wakwe ni za kuegesha gari kwanza.

NIKAEGESHA

Nilisimama pembeni. Simu ilikuwa imekatika, sijui nani aliikata. Mke wangu hakulia, na ningeshukuru kama angelia. Alisema, "Kumsikia mama akisema nimezoea, nilikuwa nahisi siku zote. Nilidhani wewe unanitetea."

Sikuwa na jibu. Ningesema nini? Kwamba nilinyamaza kwa heshima? Heshima gani hiyo, inayomwacha mwanamke abebe aibu ambayo haijulikani hata ni ya nani? Ukweli ni kwamba niliogopa. Mradi mama anamlaumu yeye, hakuna anayeniuliza mimi.

Nikampigia mama pale pale, gari limezimwa breki ya mkono iko juu, ufunguo nimeuzungusha nusu tu ili spika zifanye kazi.

"Mama, uko kwenye spika. Mke wangu yupo hapa na anakusikia, na hata yale ya kwanza ameyasikia." Kimya. "Yeye amepimwa mara mbili, hana tatizo lililoonekana. Tunakwenda Mwanza nipimwe mimi. Ulivyoniambia mwezi uliopita nilinyamaza, lakini sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa uoga. Nakuomba yale maneno usiyarudie, wala baba mdogo asiyarudie."

Mama alikaa kimya muda mrefu mpaka nikatazama skrini kama bado yupo. Halafu akasema, "Mpe simu." Nikamwambia hakuna simu ya kumpa, aongee tu, anasikika. Akaongea. Hakuomba msamaha kwa maneno hayo hasa, mama zetu mnawajua. Alimuuliza kama amekula asubuhi. Mke wangu akamjibu kwa Kihaya, Kihaya kilichonyooka kuliko changu, kwamba amekula, na kwamba wakirudi watapita Muleba kumsalimia. Mama akaguna, akasema atatuwekea senene.

Tukaendelea na safari bila muziki. Chato, Geita, Sengerema. Ile ramani iliyokuja ndani ya redio ilitutaka tupange foleni ya kivuko pale Busisi, wakati Daraja la JPM, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilikwisha kufunguliwa Juni 2025. Mke wangu akafungua ramani mpya kwenye simu yake, akasema, "Nyooka tu, daraja lipo." Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Kemondo. Nikanyooka.

Majibu ya daktari niruhusu yabaki ya kwetu wawili. Nikuambie tu kwamba hatuko peke yetu: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukutana na tatizo la kupata mtoto katika maisha yake, na chanzo kinaweza kuwa kwa mwanamume, kwa mwanamke, au kwa wote wawili. Mwanamume mwenzangu, nenda kapimwe. Haiumi kuliko ule ukimya wa pale Kemondo.

KABLA HATUJAAGANA

Haya ndiyo masharti ya gari letu sasa, na nakushauri uyachukue yakikufaa. Simu isijipokee yenyewe: zima hicho kipengele kwenye mipangilio. Ukipokea, sema mara moja, "Uko kwenye spika, niko na fulani." Ni adabu kwa anayepiga na kwa uliye naye. Ukiwa nje unafungua geti na gari linawaka, kumbuka simu inaweza kuhamia garini na maneno yakasikika na wote waliomo. Redio ikikuomba ruhusa ya kunakili namba zako zote na orodha ya waliokupigia, fikiri kwanza, na siku ukiliuza gari au kumwachia fundi, yafute yote.

Na wewe dada, au kaka, usiyafanye haya kuwa mtego wa kumpeleleza mwenzio. Mke wangu hakunitega. Spika ilisema tu kile ambacho mimi nilitakiwa kukisema miezi mingi nyuma, sebuleni, kwa sauti ya kawaida.

Bomba la jikoni nimelitengeneza. Tukijaaliwa, tukutane mwezi ujao. Endesha salama, na ukifika mpigie mama yako.