Nani Alinunua Saa Zile?

Ndugu zetu vijana,

Tulipowaonyesha filamu The Public Enemy Dominika iliyopita, wazazi kadhaa wa Bel-Air walitujia wakiwa na hasira. Walisema kwamba haifai kuwaweka majambazi wa Chicago mbele ya watoto wa parokia, na kwamba sinema ndiyo inayozaa wezi wanaotusumbua usiku. Tuliwasikiliza kwa heshima. Hatukubaliani nao, na twaona vema kusema sababu hadharani.

Hofu yao ni ya zamani. William Wellman aliitoa filamu hiyo mwaka 1931, sinema ikiwa ndiyo kwanza imeanza kusema. Filamu za namna hiyo ziliwashtua Wakatoliki wa Marekani. Mjesuiti Daniel Lord alikuwa amekwisha kushiriki kuandika kanuni za sinema mwaka 1930, nazo zikaanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934. Papa Pius XI alitoa waraka wa Vigilanti Cura mwaka 1936. Wanaopenda kuutaja husahau kwamba humo alikiri pia kuwa sinema njema yaweza kuwainua watu. Hapa Kongo, serikali ya Wabelgiji ilijitwalia haki ya kuamua filamu ipi Mwafrika aione na ipi abaki nayo Mzungu. Ilifaa nini? Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita Bills, wakiiga akina Buffalo Bill wa filamu za Marekani. Mtu aliyewafikia hakuwa mkaguzi wa filamu. Alikuwa mmisionari wa Scheut waliyemwita Père Buffalo, aliyekubali kujifunza lugha yao ya mtaani.

Basi tuitazame filamu yenyewe. Tom Powers anaanza akiwa mtoto, mwaka 1909. Baba yake ni polisi. Hamsemeshi, anatwaa mkanda na kumchapa. Lakini yuko mtu mzima mwingine, Putty Nose, anayewakaribisha watoto, anayewapigia piano, na anayenunua saa walizoiba. Baadaye huyo huyo anawapa bastola, na kazi inapoharibika anawafungia mlango. Tom hakufunzwa wizi na sinema. Alifunzwa na mnunuzi.

Kwetu nani hununua shaba inayokatwa kwenye nyaya za umeme? Mtaa ukilala gizani, twamlaani kijana aliyepanda nguzo. Yule mwenye mzani, anayepokea mitraille na kulipa taslimu bila kuuliza neno, twamwachia kiti cha mbele kanisani.

Tena iko ile meza. Mike, kaka yake Tom, amerudi vitani. Tom na mwenzake wanaweka pipa la bia katikati ya chakula, bia ya magendo iliyomwagiwa damu. Mike anakataa kunywa, kisha analiinua pipa na kulitupa. Mama anampenda Tom, na kwa upendo huo anafumba macho. Wazazi wapendwa, ni mara ngapi kijana asiye na kazi ametuletea simu mpya au gunia la unga, nasi tukasema Mungu asifiwe?

Hatufichi kwamba James Cagney, anayemwigiza Tom, anavutia mno. Mmoja wenu alitoka ukumbini akitembea kama yeye, mabega juu. Tulimwona, na tulicheka. Hata watengenezaji walijua hatari hiyo, wakaweka maneno mwanzoni ya kujitetea kwamba hawamsifu mhalifu, maneno ambayo sisi hatuyaamini sana. Bali hakuna aliyecheka mlango ulipofunguliwa, maiti ya Tom ikaanguka kifudifudi ndani ya nyumba, na juu mama akiendelea kumtandikia kitanda.

Dominika ijayo, baada ya misa ya pili, tutaionyesha tena. Safari hii twawaomba wazazi waje. Mwenye mzani naye anakaribishwa.