Jikoni Kwetu: Kuku wa ndimu na mafuta, namna ya Wagiriki

Tunawasalimu ninyi wa Shabunda mjini, ninyi wa vijiji vya kando ya mto Ulindi, na dada zetu wa Bukavu mnaopata karatasi hii kwa mikono ya wasafiri.

Juma hili tunaongea juu ya kuku. Mmoja wetu alirudi kutoka Bukavu na kikaratasi alichokunja ndani ya kitambaa cha pesa. Alikuwa amealikwa kwenye sikukuu ya ndoa, akala kuku wa kuchoma mwenye harufu ya ndimu na majani, nyama laini mpaka kwenye mfupa. Akamfuata mpishi nyuma ya nyumba, akamuuliza. Mpishi akamwambia: hivyo ndivyo wanavyofanya Wagiriki, wanamlowesha kwanza.

Kwenye mkutano wetu wa Jumamosi wengine walicheka. "Sisi na Wagiriki tuna undugu gani?" Mama mmoja mzee akajibu kwamba alipokuwa msichana, maduka mengi ya nguo na chumvi katika miji ya Kongo yalikuwa ya Wagiriki. Ni kweli. Walifanya biashara Lubumbashi, Kisangani na Bukavu tangu wakati wa Wabelgiji. Wengi waliondoka baada ya Novemba 1973, serikali ya Mobutu ilipochukua maduka na mashamba ya wageni. Lubumbashi bado wako. Basi chakula chao si kigeni sana katika nchi hii. Kinachobaki ni kuona kama tunaweza kukipika kwa vitu vya hapa kwetu.

Kulowesha ni nini

Kulowesha, ambako wapishi wa mjini wanaita marinadi, ni kuiacha nyama mbichi ndani ya maji yenye viungo kabla ya kupika. Ya Wagiriki ina vitu vichache: mafuta ya zeituni, maji ya limau, kitunguu saumu, chumvi, na jani kavu linaloitwa oregano, ambalo wao wanaliita rigani. Mafuta na limau yakipigwa pamoja wanayaita ladolemono. Ndiyo hayo tu.

Kila kitu kina kazi yake. Chumvi inaingia ndani ya nyama na kuifanya ishike maji, isikauke kwenye moto. Ndimu inalainisha juu juu na kuondoa ile harufu nzito. Mafuta yanabeba harufu ya majani na kitunguu saumu, tena yanazuia nyama isigande kwenye wavu.

Vya kwao na vya kwetu

Mafuta ya zeituni hapa Shabunda yanashuka na ndege kama sabuni na sukari, na kila kitu kinachoshuka na ndege tunalipa uzito wake. Hatuwezi kununua chupa itakayokaribia bei ya kuku mwenyewe. Tulitumia mafuta ya karanga. Tulijaribu pia mawese: ni mazuri kwa afya ya watoto, lakini ladha yake inafunika ndimu. Ukiwa na mawese tu, tia nusu ya kipimo na uongeze ndimu moja.

Limau kubwa la mjini halipo kila siku. Ndimu ndogo zipo, nazo ni kali zaidi, kwa hiyo hesabu vizuri.

Oregano kavu inauzwa katika maduka makubwa ya Bukavu, kifuko kidogo kisicho na uzito. Msafiri anaweza kukuletea. Usipoipata, chukua majani ya lumba-lumba, yaanike kivulini siku mbili, uyasugue mkononi. Harufu itakuwa nyingine, lakini ni nzuri, na haina gharama.

Wagiriki wengine wanatia maziwa yaliyoganda. Huku kwetu msituni ng'ombe ni wachache. Wale wa Bukavu na Walungu wenye mashanza wanaweza kutia vijiko vitatu na kupunguza ndimu.

Vipimo vya kuku mmoja

Kuku kijana mmoja, wa kilo moja na zaidi kidogo. Ndimu 3. Punje 4 za kitunguu saumu. Vijiko 4 vya mezani vya mafuta. Kijiko 1 cha chai cha chumvi. Vijiko 2 vya chai vya oregano, au kiganja kimoja cha lumba-lumba kavu. Pilipili manga kidogo ukiwa nayo.

Twanga kitunguu saumu pamoja na chumvi mpaka kiwe uji. Kamua ndimu, tia mafuta, majani na pilipili manga, upige kwa uma. Weka pembeni vijiko 3 vya mchanganyiko huu katika kikombe safi. Tutasema chini kwa nini. Kata kuku vipande vidogo, uchanje kila kipande kwa kisu, uvisugue vyote kwa mchanganyiko uliobaki, ufunike. Tumia bakuli la udongo, la plastiki au la enameli. Usitumie sufuria ya aluminiumu, maana ndimu inakula chuma chake na kukiingiza katika chakula.

Acha saa moja. Kisha choma juu ya mbabula yenye makala yaliyoshika vizuri bila ndimi za moto, ukigeuza mara kwa mara, kama nusu saa au zaidi kwa vipande vyenye mfupa. Kuku ameiva ukichoma karibu na mfupa na maji yakatoka meupe, bila damu. Akiwa mwekundu ndani, mrudishe.

Makosa yetu

Hatukufaulu mara ya kwanza, na tunawaambia ili msirudie.

Kosa la kwanza: tulichukua kuku mzee, mama wa vifaranga vingi, tukamlowesha tukidhani ndimu itamlainisha. Tulimtafuna mpaka taya zikauma. Ndimu haifiki kwenye mishipa ya kuku mzee. Huyo mchemshe kwanza polepole na chumvi, saa moja na nusu au mbili, mpaka mfupa ulegee. Kisha umpake mchanganyiko, uache dakika ishirini, umpitishe kwenye makala apate rangi. Na supu yake usiimwage.

Kosa la pili: mmoja wetu alikumbuka kwamba Waswahili wa pwani, Mombasa na Zanzibari, wanalainisha nyama ya mishikaki kwa papai bichi. Ni kweli, utomvu wa papai unavunja nyama. Lakini tulitia kingi na kuacha muda mrefu, nyama ikawa kama bugali. Kijiko kimoja cha papai bichi lililosagwa kinatosha kuku mmoja, na nusu saa inatosha.

Usalama wa watoto wetu

Hapa, wamama, tunaomba msome polepole.

Vitabu vya mjini vinasema uache kuku alowe usiku kucha. Hao wana friji. Sisi wengi hatuna, na joto letu tunalijua. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili, na hata hizo, weka bakuli kivulini ndani ya beseni la maji baridi. Ndimu haiui vijidudu vya kuhara. Moto ndio unaoviua.

Maji yaliyolowesha nyama mbichi usiyamwage juu ya nyama iliyoiva. Ndiyo sababu tuliweka kikombe pembeni: hicho ndicho utakachonyunyizia mezani. Kisu na ubao vilivyogusa kuku mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata nyanya.

Na jambo la mwisho: kuku aliyekufa mwenyewe hasiloweshwe ili kuficha harufu. Tunajua uchungu wa kuona ugonjwa wa Newcastle ukimaliza banda zima kwa siku chache. Lakini kiungo hakiponyi nyama. Mchome au mzike mbali na banda, na uwaulize wafugaji wa eneo lako chanjo inapatikana lini.

Nani anakula?

Tulipomaliza kuchoma, kuku wawili walitoa vipande vingi, tukavipanga kwenye vijiti vya mwanzi kama brosheti. Tulikuwa watu kumi na wanne pamoja na watoto. Ndipo tukafika kwenye jambo ambalo halikuandikwa kwenye kikaratasi.

Wengi wetu tulikua tukiona kuku anapikwa na mama na kuliwa na baba na wageni wake. Firigisi haikuguswa na mwanamke. Yai lilikuwa la kuuza. Katazo hili si la kwetu peke yetu: Buganda, kule Uganda, wanawake wa zamani walimpikia mume kuku ndani ya majani ya mgomba, wao wenyewe hawakumwonja. Hatutaki kuwadharau wazee wetu, walitulea. Lakini tunaona pia mama mwenye mimba anayekula bugali na sombe kutoka Jumatatu mpaka Jumapili, na mtoto ambaye miguu yake imevimba kwa kukosa nyama, samaki na maharagwe.

Siku hiyo tulihesabu brosheti, kila mtu akapata sawa. Watoto wadogo waliopita miezi sita walipata yao bila pilipili, imesagwa laini ndani ya uji. Firigisi tulimpa yule mama mzee aliyetusimulia habari za maduka. Aliishika mkononi muda mrefu. Kisha akaikata katikati, nusu akampa mjukuu wake wa kike, nusu akala mwenyewe. Hakusema neno, na sisi hatukusema.

Baadhi ya waume zetu walionja jioni ile. Mmoja aliuliza kwa nini kuku amekatwa vipande vidogo hivyo. Mke wake alimjibu: "Ili afike kwa wote." Akachukua kijiti kingine, akakaa na watoto.

Ndilo tunalolitaka kutoka kwa kuku huyu wa Kigiriki. Kuku mzima sahanini anagombewa, mwenye nguvu anachukua paja. Akikatwa, akiloweshwa, akipangwa kwenye vijiti, mtu anaweza kumhesabu. Na kinachohesabika kinagawika.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kijaribu mara moja. Changeni kuku mmoja kwa familia tatu au nne, kama haiwezekani kila nyumba kuchinja wa kwake. Wenye MUSO wanaweza kufikiri kuuza brosheti siku ya soko; andikeni bei ya kuku, mafuta na makala kabla ya kupanga bei ya kijiti, ili msiuze kwa hasara mkidhani mnapata faida.

Jumamosi mje na jibu la maswali mawili: majani gani mlitumia, na nani alikula firigisi. Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha samaki wa Ulindi wasiingie funza.

Mbaki na amani, wamama, na makala yenu yasizimike.