Anatengeneza vichupa

JAMVI LA ALHAMISI
Na Bi Tatu wa Magomeni

Jumapili tulikwenda Mbagala kupeleka posa ya mtoto wa kaka yangu. Mshenga wetu tulikuwa naye. Tumekaa jamvini, barua imefunguliwa, baba mkubwa wa binti akakohoa: "Kijana wenu anajishughulisha na nini?"

"Anatengeneza vichupa."

"Chupa za nini? Maji?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikakodolea macho kikombe cha kahawa. Akaeleweshwa kuwa kichupa ni video ya muziki, na kijana sasa anaelekea kwenye filamu. "Michezo hiyo tunaijua," akasema. "Sisi tumeuliza kazi."

Na nyuma ya kichwa chake, wallahi, televisheni inawaka bila sauti: magari yanakimbia juu ya barafu, nyambizi inaipasua kuyafuata, watoto wa nyumba wameganda kama sanamu. Filamu hiyo ya Fast and Furious ya mwaka 2017 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2. Aliyeiongoza, F. Gary Gray, ni mtengeneza vichupa! Mwaka 1993 alimpigia Ice Cube video ya "It Was a Good Day". Jamaa kuja kuandika filamu ya Friday na mwenzake, kazi akampa huyo huyo. Wakaipiga kwa siku 20, mtaa ule ule wa Los Angeles aliokulia Gray, ikatoka 1995. Miaka 20 baadaye Gray akaongoza Straight Outta Compton, na humo Ice Cube anaigizwa na mwanawe wa kumzaa. Urafiki wa kichupa kimoja huo.

Nilitaka kuyasema yote hayo pale pale. Mshenga akanikanyaga mguu.

Huyu wetu mwezi uliopita alipiga kichochoroni kwangu. Kamera kaifunga kwenye guta, msukuma guta kaambiwa aende kama amebeba mayai. Msanii anapanua mdomo tu, sauti iko kwenye spika. Tairi likiingia shimoni, wimbo unarudishwa mwanzo. Ilipofika alasiri, jirani yangu asiyetaka hata kuisikia Bongo Fleva alikuwa anakuna nazi huku anaitikia kiitikio. Nilikuja kukiona kichupa kimekamilika: dakika tatu na nusu, binti kapenda, kaachwa, kafungua genge lake, na hajatamka neno. Zipo filamu zetu za saa mbili ambazo mwenye nyumba anabisha hodi dakika kumi nzima na bado hatujui anadai kodi ya miezi mingapi.

Wazee kama yule wa Mbagala, tatizo lao ni rimoti. Majina yakianza tu kupanda kwenye kioo, wanahamia taarifa ya habari, kisha wanaamini picha hujipiga zenyewe.

Jumanne majibu yamekuja. Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Mahari imepanda, mshenga alipouliza kulikoni, akaambiwa wamepata kujua bei ya ile kamera. Na picha za harusi wanataka apige bwana harusi mwenyewe, bila malipo.

Eti si ndiyo kazi yake?