HISTORIA YA SASA IANZIE NYASHIMO

Mwezi Oktoba mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa TANU na kuliunga mkono Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari ya mwaka huo huo. Kati ya Butiama na Mwanza ipo ardhi ya Busega, na Nyashimo, makao makuu ya wilaya hiyo, iko kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku zile sasa amekwisha kupita 70. Anaishi jirani na shule ya sekondari, na huenda hakuna mwanafunzi aliyepata kumwuliza neno.

Wanafunzi hao wanajifunza mengi. Wanaufahamu Mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, vita kuu mbili, Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917 na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Hayo hayana budi kufundishwa, kwani taifa lisiloijua dunia hudanganyika upesi. Lakini kijana wa Usukuma akielezwa mdororo wa mwaka 1929 pasipo kutajiwa pamba, amenyimwa ufunguo ulio mfukoni mwa babu yake. Bei iliyoporomoka katika masoko ya Ulaya ilimfikia mkulima huku huku, naye alidaiwa kodi kama kawaida.

Pamba hiyo hiyo ndiyo iliyowafundisha wakulima siasa. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakichoshwa na mizani ya wanunuzi, walianza kupima mazao yao wenyewe, kisha wakajenga ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa mwaka 1955, likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika. Wakati huo TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa, tangu mwishoni mwa mwaka 1954 hadi mwaka 1958. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikiwalazimisha wananchi kulima kwa matuta na kupunguza mifugo, na waliokaidi waliadhibiwa. Geita walikataa mwaka 1958, wakaandamana hadi Mwanza. Je, ni kidato gani kinachoweza kuyasimulia hayo bila kufungua kitabu?

Walimu wasibebeshwe lawama yote. Madarasa yamejaa, mtihani wa taifa hauulizi habari za Nyashimo, na kwa miaka mingi historia ya sekondari imefundishwa kwa Kiingereza, ilhali mzee mwenye habari husimulia kwa Kisukuma. Ndiyo sababu somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, linafaa kupokewa kwa mikono miwili, maana linafundishwa kwa Kiswahili. Hata hivyo somo jipya laweza kuwa la kukariri kama lile la zamani, endapo mwanafunzi atabaki na daftari tu na wazee wakabaki majumbani mwao.

Tena yasikusanywe yale ya kupendeza tu. Wapo wananchi waliohamishwa kwa nguvu wakati wa operesheni ya vijiji mwaka 1974, na wapo walioona vyama vyao vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976, hata vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Ikiwa mwasisi aliweza kulisema, hakuna ofisa wa elimu mwenye haki ya kumnyamazisha mzee anayelieleza mbele ya wanafunzi, wala mwalimu hana sababu ya kulipita kwa kunong'ona.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa historia agawe darasa katika makundi, kila kundi liende kwa mzee mmoja, liandike jina la kijiji, mwaka na maneno kama yalivyosemwa, kisha masimulizi yalinganishwe darasani, kwa sababu kumbukumbu nazo hupotoka. Halmashauri ya Busega, wilaya iliyomegwa kutoka Magu wakati Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, itenge mahali pa kuyahifadhi maandishi hayo, na ofisi zenye majalada ya zamani ziwafungulie walimu milango bila kuwazungusha. Kazi ianze muhula huu. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 marufuku ya TANU ilipoondolewa amekwisha kupita umri wa miaka 85.